Uzi: Miaka arobaini ya kukusanya kompyuta za zamani, na kwa nini naipenda zaidi ile iliyopitia mikononi mwa fundi

Waungwana, salamu.

Kwa muda mrefu nimekuwa msomaji tu humu ndani, na kilichonifanya niandike leo ni swali la kijana mmoja aliyeikuta kompyuta ya Commodore 64 katika nyumba ya marehemu babu yake, akataka kujua kama anaweza kuichomeka kwenye umeme aone kama inawaka. Nilimjibu kwa neno moja kwamba asiichomeke, na nadhani aliniona mkali. Uzi huu ni jibu lake refu, ingawa itanibidi nianzie mbali kidogo, kwa sababu ugonjwa huu wa kukusanya kompyuta kuukuu ulinipata nikiwa mtoto na sijautafutia dawa mpaka leo.

Mimi ni mtu wa Mombasa, mzaliwa wa Mji wa Kale. Baba alikuwa na duka la rejareja, na mjomba wangu alikuwa baharia. Mwaka 1984, nikiwa na umri wa miaka 12, mjomba alirudi kutoka Uingereza na boksi ambalo hakuna mtu nyumbani aliyejua lina faida gani, na ndani yake mlikuwa na kompyuta, Sinclair ZX Spectrum yenye kumbukumbu ya kilobaiti 48. Mashine hiyo ilitolewa mwezi Aprili 1982 kwa pauni 175, na mwaka uliofuata bei ikashuka hadi pauni 129.95, nashuku kwamba ni kushuka huko ndiko kulikomshawishi mjomba, kwa maana hakuwa mtu wa kumwaga fedha ovyo. Ilikuwa nyeusi, nyembamba, na vitufe vyake vya mpira vilibonyea kama kifutio cha penseli. Skrini haikuwa nayo. Ulipaswa kuiunganisha na televisheni na kuitafuta katika chaneli ya 36 ya UHF, ukizungusha kitufe taratibu kama mtu anayetafuta stesheni ya mbali kwenye redio, mpaka mwandiko mdogo wenye jina la Sinclair Research na mwaka 1982 ujitokeze chini ya skrini nyeupe.

Televisheni yetu ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, na mama alinipa masharti kabla sijagusa waya: "Mwanangu, ukiniunguzia televisheni hii, wewe na mjombako mtalala nje." Kwa miaka saba nilicheza na mashine iliyosifiwa kwa rangi zake bila ya kuziona. Nilidhani ile mistari minne ya rangi iliyochorwa pembeni mwa kasha lake ni pambo tu, na siku nilipoiunganisha na televisheni ya rangi kwa jirani, mwaka 1991, niliona haya kidogo, kama mtu aliyekaa na rafiki miaka yote hiyo asijue kwamba rafiki huyo huimba.

Programu ziliingizwa kwa kaseti. Ulibonyeza kitufe cha J, neno zima LOAD likajiandika lenyewe, kwa kuwa katika Spectrum kila kitufe kilibeba maneno ya BASIC, lugha ya kuandikia programu, na hukuwa na haja ya kuyaandika herufi kwa herufi. Nililijua neno GOSUB kabla sijaweza kuomba maji kwa Kiingereza. Kisha ukaweka alama ya kunukuu mara mbili, ukaiwasha redio kaseti, ukasubiri. Mlio mrefu wa mwanzo uliichora pambizo ya skrini kwa mistari minene, halafu data yenyewe ikaingia kwa sauti ya kukwaruza na mistari myembamba inayocheza. Ikiwa kichwa cha redio kaseti kilikuwa kimekaa upande hata kidogo, ungepata ujumbe wa kosa baada ya kusubiri dakika tano. Dawa yake ilikuwa bisibisi ndogo ya fundi saa: unaipitisha kwenye tundu lililo juu ya kichwa, unageuza skrubu kwa kiasi cha unywele, na unasikiliza mpaka mlio ule uwe mkali kabisa. Mpaka leo naweza kukuambia kwa sikio kama kaseti ya Spectrum itapakia au haitapakia, na ujuzi huo haujawahi kunipatia hata shilingi moja.

Naendelea.

Mwaka 1987 Spectrum ile ikafa. Skrini ilijaa vipande vyeusi na vyeupe visivyo na maana, kisha ikakaa hivyo hivyo. Niliipeleka kwa fundi redio aliyekuwa na kibanda karibu na Mwembe Tayari, mtu ambaye hakuwahi kuifungua kompyuta maishani mwake. Aliifungua, akainusa, akapima huku na huku, kisha akasema neno ambalo sijalisahau: "Hii ni redio tu, ila imesoma." Baadaye, nilipokuwa na elimu ya kutosha, ndipo nilipoelewa alichokigundua. Chipu za kumbukumbu za aina ya 4116 zilizomo katika mashine ile zinahitaji volti tatu tofauti, yaani 5, 12 na hasi 5, na ipo transista moja, ambayo kwenye bodi imeandikwa TR4, inayosaidia kuzitengeneza volti hizo kutokana na umeme mmoja unaotoka kwenye adapta. Transista hiyo ndiyo mgonjwa wa kudumu wa Spectrum, na ikiharibika mashine ikaendelea kuwashwa, mara nyingi huziua na chipu za kumbukumbu. Zangu zilisalimika kwa sababu baba alikwisha kunikataza kuiwasha, si kwa utaalamu bali kwa kuogopa bili ya umeme.

Fundi yule alitoa transista nyingine kwenye redio mbovu, akaipindua miguu kwa sababu haikulingana na matundu, na kwa kuwa ilipata joto, akaifunga kipande cha bati alichokikata kutoka kwenye mkebe. Kipande hicho kimo mpaka leo. Ukiifungua Spectrum yangu utaona risasi yake nene ya kulehemu inayong'aa katikati ya kazi safi ya kiwandani, na bati lenye herufi mbili za jina la maziwa ya unga.

Nalisema hili kwa sababu ndilo tofauti yangu na wakusanyaji wengi ninaosoma maandishi yao kutoka Ulaya na Marekani. Wao hutafuta mashine ambayo haijaguswa, iliyo ndani ya boksi lake, na ikiwezekana yenye gundi ya kiwandani ambayo haijafunguliwa. Wapo walioniambia, kwa heshima kabisa, nitoe bati lile na kuweka transista ya asili ili nirudishe thamani ya mashine. Nimekataa. Kiwanda kiliitengeneza mashine hiyo ifanane na mamilioni mengine, bali fundi wa Mwembe Tayari ndiye aliyeitofautisha, na kama kuna kitu cha kuhifadhiwa katika historia ya kompyuta kwetu, naona ni mikono ya watu kama yeye waliozitengeneza bila ya mchoro, bila ya vipuri, na bila ya kuambiwa kwamba haiwezekani.

Sasa nirudi kwa kijana wa Commodore. Mashine yako ilianza kuuzwa mwaka 1982 kwa dola 595, na ni miongoni mwa kompyuta zilizouzwa kwa wingi zaidi katika historia, kwa hiyo usihofu kwamba hutapata vipuri. Hofu iwe juu ya lile jiwe jeusi lililo katikati ya waya wa umeme. Adapta hiyo imejazwa utomvu mgumu ndani, haifunguki kwa urahisi, na inatoa aina mbili za umeme: volti 9 za mkondo geu na volti 5 za mkondo mnyoofu. Ikizeeka, ule upande wa volti 5 huwa na tabia mbaya kuliko kukata, nayo ni kupanda. Haikuonyi, wala haitoi moshi. Inapeleka volti nyingi kupita kiasi moja kwa moja kwenye chipu za kumbukumbu na kuziunguza moja baada ya nyingine, na wewe utakachokiona ni skrini tupu. Chukua mita ya umeme, pima kabla ya kuunganisha, na ukiona upande huo umevuka volti 5.25 iweke kando isitumike tena. Hata ikipima vizuri, mimi nisingeiamini. Tafuta au tengenezesha adapta mpya, na ile ya babu ibaki kwenye boksi kwa ajili ya kumbukumbu yake.

Nimekuwa mkali juu ya jambo hili kwa sababu nami nimeunguza. Kuna shule moja iliyokuwa ikisafisha stoo yake mwishoni mwa miaka ya 1990, nikapewa BBC Micro mbili kwa bei ya vyuma chakavu. Wengi humu huenda hawazijui. Ziliundwa na kampuni ya Acorn ya Cambridge kwa ajili ya mradi wa elimu ya kompyuta wa shirika la utangazaji la BBC, zikatoka Desemba 1981, na zilijengwa kwa uimara wa meza ya hakimu. Nilipoiwasha ya kwanza ilitoa milio yake miwili, mmoja mnene na mmoja mwembamba, skrini ikaonyesha "BBC Computer 32K", nikawaita watoto waje waone. Baada ya dakika kumi hivi ulisikika mlipuko mdogo kama wa kizibo, na chumba kikajaa moshi wa rangi ya krimu wenye harufu inayokaa kwenye mapazia kwa wiki nzima. Mke wangu hakusema neno. Alifungua madirisha, akaondoka na watoto.

Aliyehusika alikuwa kapasita ya kuchuja umeme wa ukutani, ya aina inayojulikana kwa jina la RIFA, yenye gamba la plastiki angavu la rangi ya manjano. Ndani yake mna karatasi, na baada ya miaka mingi gamba hupata nyufa nyembamba kama za sahani kuukuu, unyevu ukapenya mpaka kwenye karatasi. Ukilitazama kwa kioo cha kukuza utaziona nyufa zenyewe kabla haijalipuka. Ajabu ni kwamba kompyuta yenyewe haikuzimika. Iliendelea kunisubiri nichape amri huku moshi ukitoka mgongoni mwake. Ile ya pili niliifungua kwanza, nikabadilisha kapasita zote mbili, na inawaka mpaka leo. Na kwa faida ya vijana wanaodhani haya ni mambo ya makumbusho: watu wa Acorn ndio waliobuni prosesa ya ARM, iliyofanya kazi kwa mara ya kwanza tarehe 26 Aprili 1985, na Sophie Wilson aliujaribu kwanza mpango wa amri zake kwa programu aliyoiandika kwenye BBC Micro. Simu unayosomea uzi huu karibu kwa hakika ina mjukuu wa prosesa hiyo.

Naendelea, na nianze na mwenzetu wa Dar es Salaam aliyeuliza hapo juu kwa nini katika miaka yote ya kutembelea minada na maduka ya vyuma chakavu hajawahi kukutana na hata moja ya mashine hizi. Swali lako lina jibu la historia. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya kazi ya kuweka hesabu za Hazina kwenye kompyuta kuharibika, na marufuku hiyo ililegezwa kidogo kidogo tu katika miaka ya 1980. Lakini mimi naongeza sababu nyingine ambayo sijaona ikitajwa sana. Kompyuta za nyumbani za enzi zile hazikuwa na skrini. Zilitegemea televisheni ya sebuleni, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Hata kama baharia wa Tanga angemletea mpwawe Spectrum, mtoto yule angeitazama wapi? Kwa hiyo ukitafuta upande wenu, nakushauri uvuke ukatafute Unguja, ambako televisheni ya rangi ilikuwapo tangu miaka ya 1970 na watu walikuwa na jamaa Ghuba.

Huko Ghuba ndiko ilikotoka mashine ninayoithamini ya pili baada ya Spectrum. Binamu yangu anayeishi Maskati aliikuta kwenye ghala la nyumba yao, akaniuliza kama naitaka au aitupe. Ni Sakhr, kompyuta ya mfumo wa MSX. Mfumo huo ulitangazwa Japani mwaka 1983 ili viwanda mbalimbali vitengeneze mashine zinazosomeana programu, na kampuni ya Al Alamiah ya Kuwait ikazileta kwa Waarabu zikiwa na herufi zao kwenye vitufe na kwenye skrini. Nilipoiwasha nyumbani, mama, ambaye alisoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani na hakuwahi kuigusa kompyuta yangu hata moja kwa miaka zaidi ya ishirini, alivuta kiti. Akaandika kwa Kiswahili, kwa herufi alizozizoea, jina lake na la mama yake, kisha neno "paka", ambalo aliliandika kwa be kama zilivyoandikwa hati nyingi za kale za pwani yetu. Aliniuliza kwa nini siku zote nilimwonyesha zile zinazoandika kinyume.

Kuhusu utunzaji, wengi mmeuliza. Pwani ni mahali pabaya pa kuwekea vifaa hivi, na sitaki kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Chumvi iliyomo hewani hula miguu ya chipu, na diski laini huota kuvu kwa ndani. Ukiona madoa kama vumbi la unga kwenye uso wa diski usiiingize kwenye mashine, kwani itachafua kichwa nacho kitachafua diski zote zitakazofuata. Mimi hutumia masanduku ya plastiki yenye mifuniko ya kubana pamoja na vile vifuko vya chembe za kunyonya unyevu, ambavyo wauza viatu hunipa bure.

Adui mkubwa zaidi, hata hivyo, ni betri. Kompyuta nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, zikiwamo nakala za IBM zilizojaa katika ofisi za Nairobi na Mombasa pamoja na Amiga 500 Plus, zina betri ndogo ya nikeli na kadimiamu iliyolehemiwa kwenye bodi ili saa isisimame. Betri hiyo huvuja. Ukifungua utaona manyoya ya kijani na buluu yametambaa kutoka kwenye betri yakifuata njia za shaba, na mahali yalipopita njia hukatika. Ikate betri leo, hata kama mashine inawaka vizuri na huna nia ya kuitumia. Kisha, kwa kuwa kinachovuja ni cha jamii ya magadi na si asidi, sugua kwa mswaki uliochovywa siki, suuza kwa spiriti, kausha. Nimeokoa bodi tatu kwa siki ya jikoni, na nimepoteza tano kwa uvivu wa kusema nitaifungua wiki ijayo.

Juu ya kuondoa unjano wa plastiki kwa krimu ya peroksaidi ya saluni na jua, sitasema mengi. Jua tunalo la kutosha na krimu inapatikana, lakini nilipoijaribu kwenye kasha la Apple IIe likatoka na mabaka kama pundamilia, na tangu hapo naacha kila mashine izeeke kwa rangi yake.

Na aliyeuliza bei, ni kweli kwamba Apple-1 moja iliuzwa mnadani kwa dola 905,000 mwaka 2014, lakini mashine hizo zilitengenezwa takriban 200 tu na hutaikuta sokoni Kongowea. Ukiingia katika jambo hili kwa kutafuta utajiri, nunua shamba.

Nimalizie na lililotokea mwezi uliopita, kwa kuwa ndilo lililonirudisha kwenye kaseti zangu. Kati ya zile za utotoni imo moja ambayo kwa asili ilikuwa ya mama, ya taarabu iliyorekodiwa katika harusi ya dada yake. Mwaka 1985 niliifuta upande mmoja kwa sababu kaseti tupu hazikupatikana kwa fedha nilizokuwa nazo, na kesi hiyo bado haijafungwa nyumbani. Niliigeuza skrubu ya kichwa, nikasikiliza, na ikapakia kwa jaribio la pili. Ilikuwa programu niliyomwandikia baba ya madeni ya dukani, yenye majina na fedha zimeandikwa ndani ya mistari ya BASIC yenyewe, kwa kuwa sikujua namna nyingine. Baba hakuitumia hata siku moja. Alibaki na daftari lake, na daftari limekwisha kuliwa na mchwa. Mlio wa data ulipokwisha, taarabu ikaendelea pale ilipokuwa imekatwa, katikati ya ubeti.

Baba sasa amepita miaka 85 na macho yake ni dhaifu, kwa hiyo nilimsomea orodha kutoka kwenye skrini, jina moja baada ya jingine. Alimkumbuka kila mtu, na nyumba yake, na alichokikopa. Nilipofika kwa mtu mmoja aliyekuwa akidaiwa shilingi 43 na senti 50 za mafuta ya taa na mchele, alinisimamisha kwa mkono. "Huyo alilipa," akasema. "Alilipa siku ya Arafa, wewe hukuandika." Nikafungua mstari wa 140, nikaweka sifuri, nikarekodi upya kwenye kaseti nyingine, na safari hii niliinunua.

Picha za bati la maziwa nitaziweka kesho.